Mshika Bendera Hakimbilii Mti

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo Mitundu, mkoani Singida, barabara ya kutoka Itigi kwenda Rungwa hubadilika tabia. Penye kichanga, gari hupita kwa kunguruma tu. Penye mbuga, udongo ule mweusi unaonata kama ugali mbichi, lori la mizigo huketi chini likagoma kuinuka. Na karibu kila mahali pabaya pa namna hiyo msafiri humkuta mtu amesimama mvuani, suruali ameikunja hadi magotini, kipande cha kitambaa amekifunga kwenye fimbo. Anaelekeza kwa mkono: shika kushoto, usifuate mikondo ya jana, ukishaingia usikanyage breki. Dereva anayemsikiliza huvuka. Anayejifanya mjuaji hulala hapo hapo.

Hakuna aliyemwajiri mtu yule. Siku nyingine huondoka na noti ya shilingi elfu moja aliyorushiwa dirishani, siku nyingine na ahsante tupu. Lakini anajua kwamba lori likizama pale, basi linalokuja nyuma nalo litazama, na mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspari, Itigi, atakesha porini.

Katika mchezo wa mbio za magari mtu wa namna hiyo ana sare, ana mafunzo na ana cheo. Anaitwa marshali. Ndiye anayeketi kwenye kituo cha muda, anayesimama kwenye kona na bendera, anayefunga njia panda kwa utepe, anayewaambia watazamaji warudi nyuma, na anayefika wa kwanza gari linapopinduka. Kipande cha barabara ambacho vituo vyake havina watu hakianzishwi, hata kama madereva wote wamekwisha kufunga mikanda. Pamoja na uzito huo, sehemu kubwa ya marshali duniani ni watu wa kujitolea: mwalimu aliyeomba ruhusa ya Ijumaa, fundi umeme aliyefunga duka, mwanafunzi wa chuo, mhasibu aliyestaafu.

Ukiwauliza watazamaji, watakutajia dereva na gari lake. Ukimuuliza dereva, atakutajia pia mtu mmoja asiyemjua jina, aliyekuwa kwenye kona fulani, kwenye mvua, bendera mkononi, wakati ambapo kila mtu mwenye akili zake alikuwa amekimbilia chini ya mti.

Afrika Mashariki inaijua habari hii kuliko maeneo mengi, maana mbio zake kubwa zilizaliwa na kukulia matopeni. Eric Cecil, aliyekuwa akishughulikia michezo ya magari jijini Nairobi, alimshawishi binamu yake Neil Vincent aingie kwenye mashindano ya kuzunguka uwanja. Vincent hakuona raha ya kuzunguka pale pale. Alichokitaka ni safari ndefu ya kukata mbuga na kurudi, na atakayetangulia kufika nyumbani awe ndiye mshindi. Mwishoni mwa Mei 1953, kwa kisingizio cha kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, magari yakaondoka kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mbio hizo ziliitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 zikawa East African Safari, na baadaye ulimwengu mzima ukazifahamu kwa jina la Safari Rally.

Kwa miaka mingi zilipangwa wakati wa Pasaka. Mkulima yeyote wa ukanda huu anajua maana yake: ni majira ya masika. Barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilipishana na lori la mahindi, na mbuzi, na harusi. Katika miaka ya 1960 njia ya Mbulu, jirani kabisa na mkoa wa Singida, ilikuwa miongoni mwa vipande vilivyoogopwa. Wenyeji walisukuma magari yaliyozama, wakalipwa au wasilipwe, na watoto walikua wakijua majina ya madereva kama walivyojua majina ya wajomba zao.

Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka. Yaliyomaliza ni 7. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404, na wale saba wakapewa jina la heshima ambalo bado linatajwa Nairobi hadi leo. Miaka mitano baadaye, 1968, zaidi ya magari 90 yaliondoka na mvua ikafanya kazi yake. Yakamaliza 7 tena, na mbele yao wakawa Nowicki na Cliff wale wale, kwa Peugeot 404. Hao wa safari ya pili waliitwa Saba Wasiozama.

Historia imewatendea haki wale saba. Picha zao zipo, mikwaruzo ya magari yao inahesabiwa hadi leo. Lakini hebu tuyaangalie yale 77 ya mwaka 1963 ambayo hayakufika. Kila moja lilikuwa likisubiriwa mahali fulani. Mbele yake kulikuwa na kituo, na kwenye kituo kulikuwa na meza, saa, taa ya karabai na watu wawili watatu waliojikunyata chini ya turubai, wakihesabu dakika za gari ambalo wakati huo lilikuwa limelala ubavu mtaroni kilomita mia moja nyuma. Hawakuwa na simu ya mkononi. Hawakujua kama gari limechelewa, limeacha, au limesombwa na mto. Kanuni iliwataka wakae hadi muda wa kufunga kituo ufike, nao walikaa. Hakuna aliyewapa jina la heshima.

Tanzania nayo ina sehemu yake katika hadithi hiyo, ingawa vijana wengi wa leo hawaijui. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mbio hizo mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Mwaka 1972 mbio zilianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuzishinda. Kuanzia mwaka 1974 zikabaki ndani ya Kenya. Mwaka huo huo Joginder Singh, fundi na dereva aliyependwa mno nchini Kenya, alishinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo; alikwisha kushinda 1965 na akashinda tena 1976. Kwa hiyo mtu mzima wa Dodoma, Iringa au Arusha anayesimulia kwamba utotoni aliona magari yakipita na taa kali usiku wa manane, hasemi uongo.

Baada ya mwaka 2002 mbio za Safari zilitolewa kwenye ubingwa wa dunia. Zilirudi Juni 2021, makao yake yakiwa Naivasha, kando ya ziwa, mita karibu 1,900 kutoka usawa wa bahari. Anayetoka Pwani akidhani Naivasha ni joto na flamingo tu, alale huko usiku mmoja wa Juni. Alfajiri hewa hushuka hadi nyuzi kumi za selsiasi na chini yake, umande hulowesha viatu kama mvua, na upepo wa Bonde la Ufa hauna adabu. Tangu mwaka 2024 mbio zimerudishwa Machi, karibu na majira yake ya zamani, na mvua imerudi pamoja nazo.

Sura ya mbio imebadilika. Siku hizi vipande vya mashindano hufungwa: hakuna lori la mahindi, na askari wa wanyamapori hupita kwanza kuwaondoa twiga na pundamilia. Vipande hivyo vina majina ambayo mashabiki wanayakariri: Loldia, Kedong, Elmenteita, Soysambu, Hell's Gate, Sleeping Warrior. Hicho cha mwisho, kilichokuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 30 mwaka 2021, kimepata sifa yake ya pekee. Kikiwa kikavu, vumbi laini kama unga wa sembe hufunika magurudumu. Mvua ikidondoka mchana, vumbi lile lile hugeuka sabuni. Magari ya mabilioni ya shilingi hutambaa kama bajaji iliyoishiwa mafuta, wipa haziwezi kuondoa tope, na dereva bingwa wa dunia hutoa kichwa dirishani kuangalia njia.

Kandokando ya njia hiyo, marshali yupo tangu usiku.

Ratiba ndiyo inayomfikisha huko mapema hivyo. Barabara hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza la mashindano. Gari likitarajiwa saa 2 asubuhi, marshali anatakiwa awe kwenye kona yake kukiwa bado giza. Kwanza hupita magari ya waandaaji yanayokagua usalama, yenye namba za sifuri: sifuri tatu, sifuri mbili, sifuri moja. Kila moja linaangalia kama utepe uko mahali pake, kama redio inajibu, kama watazamaji wamesimama pasipofaa. Baada ya hapo huanza magari ya mashindano yenyewe, moja baada ya jingine, kwa nafasi ya dakika mbili au zaidi ili vumbi au tope la aliyetangulia lisimzibe anayefuata. Mwisho kabisa hupita gari la kufagia njia. Hadi lipite hilo, hakuna anayeondoka. Magari yakirudi mchana kwa mzunguko wa pili, habari inaanza upya. Mtu huyo anaweza kukaa saa kumi na mbili mahali pamoja, na muda wa magari kupita mbele yake, ukiujumlisha wote, hautimizi dakika kumi.

Hizo saa nyingine zote ndizo kazi yenyewe. Kusubiri huku umelowa ni kazi kubwa kuliko kupeperusha bendera, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Tuangalie kituo cha muda kwa karibu, maana hapo ndipo mvua inapoleta hasara isiyoonekana kwenye televisheni. Gari linasimama. Msoma ramani ananyoosha mkono na kadi ya muda, karatasi ngumu iliyokunjwa, ambayo tayari imeshikwa na glavu zenye tope. Marshali anatazama saa, anaandika saa na dakika, anarudisha kadi. Ni sekunde chache tu. Lakini kwa kanuni za ubingwa wa dunia, timu ikifika kituoni dakika moja baada ya muda wake inaadhibiwa sekunde 10, na ikifika dakika moja kabla inaadhibiwa dakika nzima. Mbio hizi zimewahi kuamuliwa kwa tofauti ya sekunde. Sasa mweke mtu huyo kwenye mvua ya saa tano, vidole vimekufa ganzi, karatasi imevimba maji, kalamu ya wino inateleza bila kuandika. Saba inaanza kufanana na moja. Ndiyo maana wazoefu hubeba penseli. Penseli huandika juu ya karatasi yenye unyevu pale wino unapogoma, na mwenye akili hubeba mbili, moja mfukoni na moja nyuma ya sikio, chini ya kofia.

Bendera nayo ina mambo yake. Kitambaa kikavu hucheza na upepo chenyewe. Kikilowa kinakuwa kizito, kinajisokota kwenye mpini, na anayekipeperusha asipokikung'uta kila baada ya dakika chache, siku kikihitajika kitafunguka kama taulo. Dereva anayekuja kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa anahitaji kuona rangi. Hana muda wa kubahatisha kile ni nini.

Hapa kuna jambo moja ambalo Waingereza, wenye mvua kila juma na uzoefu wa miaka mingi, walijifunza mapema. Marshali hatakiwi kuvaa koti la mvua jekundu wala la njano. Kwenye mbio za uwanjani njano ni ishara ya hatari na nyekundu ni ishara ya kusimamisha mbio. Mtu mwenye koti la njano anayekimbia kando ya barabara ni bendera inayotembea. Wao huvaa rangi ya chungwa. Na makoti ya mvua mengi madukani kwetu ni ya njano. Anayenunua kwa ajili ya kazi hii aangalie rangi kabla ya bei.

Uingereza ni mahali pazuri pa kutazama kwa sababu kule kujitolea kumejengwa kama taasisi. Chama cha marshali wa mbio za magari wa Uingereza kiliundwa mwaka 1957, na hadi leo uwanja wa Silverstone, ambako mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa Formula One zilifanyika tarehe 13 Mei 1950, hutegemea mamia ya watu wanaojitolea. Wana mafunzo, wana madaraja, wanapanda ngazi kutoka mwanagenzi hadi mkuu wa kituo. Mtu anaweza kufanya hivyo miaka thelathini bila kulipwa mshahara na akazikwa akisindikizwa na sare za chungwa.

Mvua inaweza kushinda hata taasisi kubwa. Tarehe 29 Agosti 2021, kwenye uwanja wa Spa-Francorchamps nchini Ubelgiji, mvua ilikataa kukoma. Watazamaji na marshali walisubiri kwa saa kadhaa. Mwishoni magari yalizunguka mara chache nyuma ya gari la usalama, madereva wakapewa nusu ya pointi, basi. Magazeti yalijaa hasira za mashabiki waliolipia tiketi, na hasira hiyo ilikuwa halali. Lakini waliokaa kwenye kona muda wote huo hawakuwa na ruhusa ya kwenda kunywa kahawa, kwa sababu mbio zingeweza kuanza dakika yoyote.

Na mvua huua. Oktoba 5, 2014, Suzuka, Japani, gari moja liliteleza na kutoka njiani. Wakati linaondolewa kwa trekta, gari la Jules Bianchi nalo likateleza mahali pale pale na kuivaa trekta. Kijana huyo Mfaransa alipoteza fahamu na akafariki Julai 2015. Pembeni mwa trekta ile walikuwepo watu wa kazi, kwa miguu, kwenye lami yenye maji. Hata bila mvua kazi hii imechukua maisha: marshali wa zimamoto alikufa Monza mwaka 2000 alipogongwa na gurudumu lililong'oka, na mwingine Melbourne mwaka uliofuata kwa namna ile ile. Wote wawili walikuwa wa kujitolea. Anayesema marshali ni mtu aliyepata nafasi ya kutazama mbio bure, ayaangalie matukio hayo kwanza.

Baridi yenyewe ina hila ambayo watu wa nchi za joto huidharau. Wengi huamini kwamba mtu hawezi kuugua kwa baridi hadi kuwe na theluji. Si kweli. Mwili hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Ukishuka chini ya 35, mambo huanza kuharibika, na nguo zilizolowa pamoja na upepo vinaweza kumfikisha mtu huko hata hewa ikiwa nyuzi kumi na kitu. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa mno kuliko hewa kavu. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole vinakosa utii: anashindwa kufunga zipu, anaangusha redio. Kisha ulimi unakuwa mzito na anajibu ovyo. Hatua mbaya kuliko zote ni pale anapoacha kutetemeka na kusema yuko sawa. Akifika hapo kazi imekwisha. Apelekwe kwenye joto, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, apewe kinywaji cha moto na chenye sukari kama anaweza kumeza. Pombe asipewe, hata wazee wakisema inapasha moto. Inafungua mishipa ya ngozi na kuzidi kupoteza joto la ndani.

Ndiyo maana wanaojua kazi hii hawasimami peke yao. Wanakaa wawili wawili, na kila mmoja anamtazama mwenzake usoni. Swali la kawaida si "unasikia baridi?" kwa sababu kila mtu atasema hapana. Swali ni "nitajie namba ya gari la mwisho lililopita." Asiyekumbuka apumzishwe.

Kuhusu mavazi, wazoefu hufundisha mambo machache kwa ukali. Pamba ndiyo adui: fulana na jinzi zikilowa hazikauki, zinang'ang'ania ngozi na kuifyonza joto. Sufu, hata sweta la mtumba, hubaki na joto likiwa na unyevu. Nguo nyembamba tatu ni bora kuliko koti moja nene. Gambuti ziwe kubwa kidogo ili soksi mbili ziingie na vidole viweze kucheza, maana gambuti inayobana huzuia damu. Soksi za akiba, glavu za akiba, kofia ya sufu. Chini ya miguu weka kipande cha ubao au zulia kuukuu. Baridi hupandia pia kwenye nyayo. Baadhi ya Wazungu huvaa mfuko wa plastiki juu ya soksi ili maji yasipenye. Sisi hatuna mifuko hiyo tena, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na ni vizuri hivyo. Kipande cha turubai kilichofungwa kwa kamba kifundoni hufanya kazi ile ile. Kisha chupa ya chai. Si anasa. Chai ya tangawizi yenye sukari saa 11 alfajiri ni kifaa cha usalama kama ilivyo filimbi.

Mahali pa kusimama ndilo somo la mwisho, na la kwanza. Usisimame nje ya kona, kwa sababu gari likishindwa kukunja linakwenda huko. Usisimame chini ya usawa wa barabara. Usikae wala kuchuchumaa. Anayechuchumaa huchelewa kukimbia. Usiugeuzie mgongo upande magari yanakotoka. Kwenye mvua ongeza umbali, kwa sababu kona iliyokuwa salama asubuhi ikiwa kavu si kona ile ile mchana ikiwa tope. Hapo ndipo kijana wa Mitundu anakuwa na elimu ambayo hakuna darasa la Ulaya linaloitoa. Anajua mbuga iliyokauka juu na kuoza chini. Anajua kwamba gari halitelezi pale panapong'aa tu, linateleza pale ambapo kichanga kinakutana na mfinyanzi. Anajua korongo lililo kavu saa 8 mchana linaweza kuwa mto saa 10, kwa mvua iliyonyesha mahali asipopaona.

Watazamaji ni mtihani mwingine, na kwetu ni mkubwa kuliko baridi. Tarehe 5 Machi 1986, Sintra, Ureno, umati ulikuwa umejaa hadi kwenye barabara yenyewe, watu wakishindana kugusa magari yakipita. Gari la Ford likakosa mwelekeo na kuingia ndani ya umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya thelathini walijeruhiwa, na baadaye kundi zima la magari ya aina hiyo, yenye nguvu kupita kiasi, likapigwa marufuku kuanzia 1987. Kwenye barabara ya Afrika Mashariki umati huja na watoto, wachuuzi wa karanga na bodaboda. Marshali hana bunduki wala pingu. Ana filimbi, utepe na maneno. Akiwa kijana, mbele yake wamesimama watu wa umri wa baba yake. Anayejua kusema "shikamoo mzee, naomba tusogee hapa kwenye kichuguu, mtaona vizuri zaidi" hufanikiwa pale ambapo mwenye kufoka hupuuzwa. Lakini akiwa amelowa, ana njaa na meno yanagongana, subira huisha kabla ya umati kuisha. Kwa hiyo anayemnyima marshali koti na chakula anahatarisha maisha ya watazamaji.

Mchezo huu haujafa Tanzania. Iringa wana Mkwawa Rally, iliyopewa jina la yule mtawala wa Wahehe, na mbio za Tanzania zimekuwa kwenye kalenda ya ubingwa wa Afrika. Uganda wana Pearl of Africa Rally, ambayo huvuta umati mkubwa. Kila moja ya mbio hizo hukwama au hufaulu kwa hesabu ya watu wa kusimama njiani. Fedha za magari hupatikana kwa wadhamini. Watu wa kukesha kwenye kona hawapatikani kwa tangazo la redio la juma moja kabla.

Kwa hiyo kuna maombi mawili, na yote yanawezekana. Waandaaji waanze kuhesabu makoti ya mvua, gambuti na chai ya alfajiri katika bajeti ile ile wanayohesabia vikombe vya washindi, na mafunzo ya huduma ya kwanza yafanyike kabla ya msimu, si asubuhi ya mbio. Na wanapotafuta vijana wa kujitolea wasiishie Dar es Salaam, Arusha na Iringa mjini. Waje hadi Itigi, wateremke na barabara ya Rungwa hadi Mitundu, katikati ya Januari, kukiwa na mvua. Watawakuta vijana wale tayari wako barabarani, na fimbo zao zenye vitambaa.